Bamba la pembe: shajara ya kitako cha Mauser ya Ami

Januari 18

Leo nimefuatana na Ami hadi duka la silaha kuiona bunduki yake. Ameiweka huko miaka minne, tangu alipofanyiwa upasuaji wa nyonga na kuona haifai silaha kukaa nyumbani wakati yeye mwenyewe hawezi kuinuka kitandani. Vitabu vya duka viko sawa, cheti chake kiko sawa, bunduki yenyewe imepakwa mafuta mtutu mzima. Lakini kitako kiko uchi. Lile bamba jeusi la pembe lililokuwa likikifunika kwa nyuma, pale panapogusa bega, halipo.

Ami hakusema neno. Alipitisha kidole juu ya mti mkavu, akakisimamisha kwenye skrubu ya chini iliyobaki peke yake. Chini ya kichwa cha skrubu hiyo pamenasa kijipande cha pembe, hakizidi ukucha wa kidole kidogo, kina vitundu mithili ya mhindi uliopekechwa na dumuzi. Kijana wa dukani anasema alikuta ungaunga kwenye rafu, akafagia. Sina ugomvi naye. Pembe huliwa na wadudu. Kuna nondo katika Afrika ambaye viwavi wake hula pembe za wanyama waliokufa, na wapo mende wadogo wanaokula pembe, manyoya na ngozi popote penye giza na utulivu. Miaka minne ndani ya sefu ni giza la kutosha.

Bunduki yenyewe ni Mauser 98, mtambo ambao jeshi la Ujerumani liliupitisha mwaka 1898. Wahunzi wa bunduki wa Uingereza walikuwa wakiununua na kuujengea bunduki za kuwindia, kitako cha mti wa jozi na bamba la pembe mwishoni. Ami aliipata kwa njia ya halali kutoka kwa tajiri wake wa zamani. Ujanani alikuwa mfuata nyayo katika nyika ya Taru, hadi uwindaji ulipopigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Tangu hapo bunduki hii haikumwelekea mnyama. Kazi yake ni karatasi ya shabaha, mara chache kwa mwaka.

Njiani kurudi aliniambia, "Mwanangu, mti ukiachwa wazi hivi utapasuka."

Ni kweli. Kitako kinakatwa kukingama nyuzi za mti, na mti hunywa unyevu zaidi kupitia ncha za nyuzi zake kuliko ubavuni. Kwa hewa ya Mombasa, kaskazi ikauke, kusi ilete mvua, mti ule utavimba na kunywea mpaka ile ncha ya chini imeguke. Nimemwambia nitalishughulikia mimi.

Januari 20

Nimepiga simu na kuuliza. Kuagiza bamba kutoka Ulaya, pamoja na usafiri na makaratasi, ni shilingi 21,000 na kungoja si chini ya miezi mitatu. Tena linakuja kubwa kupita kiasi makusudi, ili fundi alikate kulingana na kitako. Yaani unalipa elfu ishirini na moja na kazi bado iko palepale.

Mpira wa kupunguza kishindo ni rahisi zaidi, lakini ili ukae inabidi kitako kikatwe kiwe bapa, maana cha Ami kimepinda kwa ndani. Mti wa miaka yote hiyo siukati. Ukishakata hurudishi.

Nimemuuliza mwenye duka suala la sheria kabla ya kugusa chochote, na kwa yeyote mwenye mradi kama huu nasema anze hapo. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inahesabu hata sehemu za bunduki kuwa silaha, na anayetengeneza silaha za watu kwa malipo lazima awe amesajiliwa. Huwezi kuifunga bunduki kwenye kanga ukaipeleka kwa jua kali wa Shimanzi. Huwezi hata kupeleka kitako peke yake. Tumekubaliana hivi: bunduki haitoki dukani. Mimi nitengeneze bamba, yeye na fundi wake wataliweka na kuandika kitabuni, Ami akiwa amesimama hapo na cheti chake. Kuweka, pamoja na kuziba tundu la skrubu lililolegea, ni shilingi 2,500.

Kwa hiyo kila ninachokihitaji kutoka kwenye bunduki lazima nikitoe kwa karatasi.

Januari 25

Siku ya vipimo. Nimekaa saa mbili na nusu kwenye kaunta na sijutii dakika moja.

Fundi aliitoa komeo, akaonyesha chumba cha risasi ni kitupu, akailaza bunduki juu ya blanketi, kitako kikitokeza nje ya ukingo wa meza. Ami akakaa kwenye stuli kando, fimbo katikati ya magoti.

Kwanza umbo la nje. Niliweka karatasi nyembamba juu ya kitako, nikaishika kwa vidole vya mkono wa kushoto, nikapitisha penseli laini ikiwa imelala, kama watoto wanavyochora sarafu. Ukingo wote ukajitokeza, na matundu mawili ya skrubu yakaonekana kama macho. Nilirudia mara nne kwenye karatasi nne, kwa sababu karatasi ikisogea hata unywele, umbo linadanganya. Tatu zililingana. Ya nne niliichana palepale nisije nikaichukua kwa makosa.

Urefu ni milimita 128. Upana mkubwa ni 43. Kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine ni 82.

Pili, ule mpindo. Rula haina kazi hapo. Nilikuwa nimenunua waya wa risasi ya kulehemu, ule mnene, kwa fundi wa redio karibu na Mwembe Tayari. Unaukandamiza juu ya mti kwa kidole gumba, unafuata kila bonde, kisha unauinua polepole na kuulaza kwenye kadibodi na kuuchora. Mpindo una kina cha milimita 6 katikati, lakini haulingani: upande wa juu unapanda kwa ghafla zaidi, karibu na kisigino cha kitako. Nilikata kadibodi kwa mchoro huo, nikaijaribisha, nikaipunguza kwa wembe, nikaijaribisha tena. Mara ya sita haikupitisha mwanga popote.

Kipimo cha tatu kilinifurahisha kupita vyote. Nilitaka kujua bamba la zamani lilikuwa nene kiasi gani, na halipo la kulipima. Nikapima kutoka kifyatulio hadi mwisho wa mti: milimita 349. Waingereza walizoea kujenga bunduki zao kwa inchi 14 kati ya kifyatulio na bega, na inchi 14 ni karibu milimita 356. Zinazokosekana ni saba. Nikamwambia Ami, bamba lilikuwa na unene wa milimita saba au karibu yake.

Akainua kidole cha shahada na kukiweka pembeni mwa kile kijipande kilichonasa chini ya skrubu. "Tizama," akasema, "basi haya si makisio. Hiki hapa." Tukakipima kwa kalipa. Sita na nusu, na upande mmoja umeliwa.

Februari 2

Jaribio la kwanza: rezini ya faiba, ile wanayotumia mafundi wa boti. Liwatoni na Mtwapa mtu hakosi wa kumuuzia lita moja na hadina yake, ile dawa ya kuigandisha. Nimetoa 1,150. Fikira yangu ilikuwa rahisi: natengeneza kalibu ya udongo kwa ile kadibodi, namimina rezini niliyoichanganya na masizi iwe nyeusi, natoa bamba.

Nimemimina saa nne asubuhi. Joto la jikoni lilikuwa kali, nami niliogopa isigande, nikazidisha hadina. Baada ya dakika kumi na tano kikombe nilichochanganyia kilikuwa hakishikiki kwa moto wake.

Februari 9

Wiki nzima nimeingoja na sasa natoa hukumu: haifai. Uso uliokuwa wazi kwa hewa bado unanata kama kaimati iliyomwagiwa shira. Rezini ya aina hii haigandi vizuri mahali inapoguswa na hewa mpaka ifunikwe. Ndani kuna nyufa mbili nyembamba, hizo ni za hadina niliyozidisha. Na hata bila nyufa, bamba limenywea: nilimimina urefu wa 128, nimetoa 125 na nukta. Ningeweza kutengeneza kalibu kubwa zaidi na kujaribu tena, na kwa mtu mwenye haraka ningesema ajaribu. Lakini nilipolishika nilijua sitaki kumpelekea Ami kitu hiki. Ni kizito, ni baridi, na kingo zake zinakatika vipande kama bakuli la udongo.

Nimerudi kwenye pembe. Ya asili bila shaka ilikuwa ya nyati wa Asia, ndiyo waliyoizoea wahunzi wa Uingereza kwa sababu ni nyeusi na nene. Nyati wetu wa porini haguswi. Kumiliki pembe yake bila kibali ni kosa, na biashara ya nyara za wanyamapori imefungwa Kenya tangu 1978. Kwa hiyo ni ng'ombe. Mnyama anayechinjwa kila siku, na pembe zake hutupwa.

Februari 12

Mchinjaji wa Majengo ameniuzia pembe mbili kwa shilingi 300. Alitaka kunipa bure, kisha akaona ninazichagua sana, nikizigeuza na kuzigonga, akadhani ni za dawa. Nilimweleza ni za kitako cha bunduki ya mzee. Akazitafuta mwenyewe zile nyeusi.

Ng'ombe wetu wa nundu pembe zao ni fupi, na hilo si tatizo, maana nahitaji kidogo. Tatizo ni unene. Pembe ni ala. Ndani kuna mfupa, na ala yenyewe huwa nyembamba shinani na nene kuelekea nchani, ambako inakuwa ngumu yote bila uwazi. Palipo na upana wa kunitosha pana unene wa milimita tano tu. Nahitaji saba.

Nimezitia ndooni, nimejaza maji, nimefunika kwa kigae na kuweka jiwe juu. Nyuma kabisa ya nyumba, upande usio na dirisha la jirani.

Machi 5

Wiki tatu. Harufu sitaieleza. Nilivaa glovu, nikaishika pembe kwa ncha na kugonga shina lake kwenye jiwe, mara moja, mara mbili, na mfupa ukachomoka wote kama kisu kutoka kwenye ala yake. Ya pili ilingoja maji ya moto kidogo. Nimeziosha kwa sabuni ya kipande na chumvi, nimezianika kivulini.

Machi 8

Hasara. Nimeipasua pembe ya kwanza kwa urefu na kujaribu kuinyoosha. Pembe ni jamaa ya kucha na nywele: ukiipasha moto inalainika, unaikunja utakavyo, ikipoa inashika umbo. Nilianza na maji yanayochemka. Saa nzima, na bado ilikuwa ikirudi kwenye duara lake kila nilipolegeza jiriwa. Nikabadilisha, nikatia mafuta ya kupikia sufuriani, nikaacha moto uwe mkubwa kwa sababu adhana ya magharibi ilikuwa imekaribia nami nilitaka kumaliza kabla ya kufuturu.

Pembe ilitoa povu. Kisha ikawa nyeupe kingoni, na nilipoitoa ilikuwa imeachana tabaka kwa tabaka kama chapati ya kusukuma. Nyumba nzima ilinuka nywele zilizoungua, na futari ya watu ilikuwa mezani. Niliomba radhi kila mtu, mama hasa.

Imebaki pembe moja. Nimeacha mpaka nipate mtu anayejua.

Machi 15

Changamwe. Hii ndiyo siku mradi ulipogeuka.

Wachonga vinyago wa Changamwe ni watu wa mti, lakini niliambiwa kuna mzee mmoja pale aliyewahi kufanya vijiko na vishikio vya visu kwa pembe ya ng'ombe. Nimemkuta amekaa chini ya bati, miguu imezungukwa na vipande vya mpingo. Nilimsalimu, nikamwekea pembe yangu na kile kilichoungua, nikanyamaza. Alikichukua kilichoungua kwanza.

"Uliikaanga," akasema. "Pembe haikaangwi. Inapashwa."

Nikamlipa 800 anifundishe na nitumie vifaa vyake, kazi niifanye kwa mikono yangu. Nilimweleza bunduki iko wapi na kwa nini sikuja nayo. Akasema hata yeye asingeipokea.

Akaweka mafuta kwenye karai juu ya makaa machache. Akakata kipande cha kitunguu maji akakitupa ndani. Kitunguu kikafurukuta na kuanza kuwa kahawia, akatikisa kichwa, akaondoa makaa mawili. Akatupa kipande kingine. Hiki kilitoa vipovu vidogo vya uvivu pembeni na kikabaki cheupe. "Hapo," akasema. Ndipo tukaitia pembe, iliyopasuliwa na kukatwa kwa upana wa kidole zaidi ya karatasi yangu kila upande. Dakika kama nane. Akaitoa kwa koleo, akanipa niishike kwa kitambaa kinene. Nilikuwa nimeshika kitu kilicholegea kama ngozi ya kiatu iliyoloa. Ile pembe iliyokuwa ikigonga kama mawe!

Na hapa akanifundisha jambo ambalo nisingelifikiria peke yangu. Mimi nilikuwa nikipanga kuinyoosha iwe bapa, kisha niuchonge ule mpindo kwa tupa, na kwa hilo ningehitaji pembe nene mno. Yeye aliniuliza karatasi yangu ya mpindo iko wapi. Akachukua gogo la mwembe, akalichonga kwa tezo kwa kuilinganisha na kadibodi yangu, nusu saa hivi, likawa na tumbo sawa na bonde la kitako. Akachonga na mwenzake wa kulikalia juu. Pembe iliyo laini tukailaza kati ya magogo hayo mawili na kukaza jiriwa. Pembe haikuchongwa mpindo. Ilipindwa. Unene wake wote ukabaki.

Tukaiacha ipoe humohumo, si kwa maji, kwa upepo tu. Tulipokuwa tunangoja nikamwuliza habari ya milimita mbili zinazopungua. Hakujibu. Alinyoosha mkono kwenye vipande vya miguuni, akaokota ubao mwembamba wa mpingo, mabaki ya kinyago cha mtu, akaunyanyua kwenye jua. Pembe nyeusi nje, mpingo mweusi ndani, unalala kwenye mti wa jozi. Nani atauona mshono?

Aliniongezea na neno la kuniaga: nisiguse kwa tupa mpaka siku saba zipite, pembe itulie.

Machi 30

Siku saba zilipita, kisha nane za tupa kila baada ya taraweh, kwa taa, mlango wazi. Vumbi la pembe ni jepesi na linakaba. Nimevaa barakoa muda wote. Mpingo niliukwangua ukafikia milimita mbili, nikauchemsha kidogo upinde, nikaubandika kwa gundi ya maji mawili, ile ya kuchanganya, na kuukaza kwenye magogo yaleyale ya mwembe niliyopewa. Kingo nimeziacha zizidi kitako kwa nusu milimita kuzunguka. Za mwisho zitaondolewa dukani, juu ya mti wenyewe.

Msasa namba 120, 240, 400, 800, jumla shilingi 240. Ile 800 nimeitumia na maji. Kesho Idi ikionekana.

Aprili 5

Skrubu. Nilidhani ni la dakika tano.

Iliyobaki ni ya mfuo mmoja, kichwa cha mviringo kidogo, urefu inchi moja na robo tatu. Madukani sasa zote ni za nyota. Biashara Street yote nimeipita, Digo Road nimeipita. Mwisho nimepata mbili za shaba nyeupe katika kopo la bwana anayetengeneza milango ya kizamani Mji wa Kale, shilingi 80 zote mbili. Nimechukua mbili ili zilingane, ile ya zamani nimeiweka kwenye bahasha pamoja na kijipande cha pembe. Ni mali ya Ami, ataamua mwenyewe.

Matundu ya skrubu nimeyatoboa kwa keekee ya mkono kufuata karatasi, 82 katikati kwa katikati, na kuyapanua juu kichwa kizame.

Aprili 12

Tumefika dukani saa tatu. Ami amevaa kanzu nyeupe na koti, kana kwamba anakwenda kwenye nikahi.

Fundi alishaliziba tundu la juu kwa kijiti cha jozi na gundi wiki iliyopita, likakauka. Aliliweka bamba langu kwenye kitako bila skrubu, akaliinamia, akawasha tochi upande wa pili. Nilikuwa nasikia moyo wangu. Mwanga ulipita mahali pamoja tu, juu karibu na kisigino, mwembamba kuliko unywele. Akapaka rangi ya bluu ya fundi kwenye mti, akakandamiza bamba, akaliondoa: alama ya bluu ilibaki palipogusa. Akanipa tupa nyembamba. "Lako," akasema. Viboko vitatu. Akapaka tena. Viboko viwili. Mara ya tatu bluu ilienea uso mzima.

Nilitaka kuruka. Sikuruka, Ami alikuwa akinitazama.

Kisha kingo. Mti ulifunikwa kwa utepe wa karatasi usikwaruzwe, na ile nusu milimita ikashushwa polepole mpaka kidole kinachopita kutoka kwenye mti kuja kwenye pembe kisijue kimevuka mpaka.

Skrubu zilipoingia, Ami alisimama. Hakutumia fimbo. Aliinama na kutazama vichwa vyake. Cha chini mfuo wake ulikuwa umekaa upande. "Wataka usimame," akamwambia fundi, "ufuate mtutu. Vyote viwili." Ndivyo Waingereza walivyokuwa wakifanya, mifuo yote ielekee urefu wa bunduki, tajiri wake alikuwa akiikagua kila jioni kambini. Ukikuta mfuo umepinda, basi kuna mtu kaifungua. Fundi aliitoa skrubu, akaipunguza chini ya kichwa kidogo sana, akairudisha. Ikasimama wima.

Suala la wadudu lilibaki. Mimi nilipendekeza kipande cha kafuri kwenye sefu, wadudu wanaikimbia. Ami alikataa mara moja. "Kafuri ni ya sanda, mwanangu. Hiyo siiweki hapa." Tumepaka nta ya nyuki badala yake, nje na kwenye kingo zote, na nta nyingine ndani ya matundu kabla ya skrubu, unyevu usishuke kwenye mti. Na tumekubaliana na kijana wa duka: kila miezi mitatu bunduki itolewe, ifutwe, itazamwe kitako. Ameandika kwenye daftari lake tarehe ya kwanza.

Fundi akaikagua tena kama ni tupu, akamkabidhi Ami. Ami akaielekeza ukutani, akaipandisha begani taratibu, akafunga macho, kisha akayafungua. Alikaa hivyo kitambo. Akaishusha, akaipandisha tena.

"Imerudi mahali pake," akasema.

Gharama yote hadi leo: rezini 1,150 (hasara tupu), pembe 300, msasa 240, mzee wa Changamwe 800, skrubu 80, duka 2,500. Jumla 5,070. Ningeanzia Changamwe ingekuwa 3,920.

Mei 17

Masika imepiga sawasawa mwezi mzima, na leo nilikuwa na sababu ya kupita dukani na Ami. Nimetazama mshono kwa kioo cha kukuzia. Mti wa jozi umevimba kidogo, nauhisi kwa ukucha upande wa kushoto, labda sehemu moja ya kumi ya milimita. Upande wa kulia hakuna kitu. Sitaugusa sasa. Kiangazi kikija mti utanywea, nitautazama tena Januari.

Juzi nilirudi Changamwe na kilo mbili za tende na picha ya bamba. Mzee aliitazama muda mrefu, akauliza kama mpingo unaonekana. Nikamwambia hauonekani. Akacheka, akaniuliza kama bado nina yale magogo ya mwembe. Ninayo. Yako kabatini pamoja na zile karatasi tatu na kadibodi, na nusu ya pembe iliyobaki.